Sauti ya Beringi Mbovu

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Karakana ya baba imejaa kama zahanati. Ni hivi kila mwaka: mafundi wanaacha vifaa vyao nje, maji yanaingia kwenye mota, kisha wanakuja wamekumbatia drili kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Imezimika tu yenyewe, mzee."

Baba hafungui mdomo. Anafungua skrubu, anainamisha mashine, na maji yanamwagika mezani mbele ya mwenyewe.

"Yenyewe," anasema. "Ilikwenda kuogelea yenyewe."

Mimi nakaa upande wake wa kulia, upande wa sikio lililokufa. Nilimaliza chuo mwaka jana, nasubiri kazi, na ninaposubiri nasikiliza mota kwa niaba ya baba. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha beringi, ile pete ya gololi inayoshika mhimili wa mota, na mpini unaugandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Beringi nzima inavuma kama mtu anayewaza. Mbovu inasaga meno. Zamani niliona aibu kufanya hivi mbele ya watu. Siku hizi ndicho kitu pekee ninachokifanya bila kujitazama.

Mama hakula leo. Alikunywa chai nusu kikombe. Mvua zikianza tu, hali yake inarudi palepale. Kaka alianguka kutoka kwenye paa, akafa, wakati wa mvua kama hizi, mwaka jana. Nguo zinamning'inia mama kama zimeanikwa. Muuguzi alimwambia shangazi kwamba akiendelea hivi watamlaza wodini, na wakimlaza tusitarajie atoke upesi. Shangazi, dada yake baba, hana breki. Alikuja kuyasema hayo mama akiwa palepale. Mama hakugeuka.

Alhamisi, 13 Machi

Nina hasira, nitaandika kwa kifupi.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara anatengeneza milango na mageti ya chuma. Kila mtu anamwita Mageti. Leo ameleta grenda yake ya kukatia chuma imeungua, inanuka waya. Desturi ya karakana ni kwamba mashine yako ikiwa tumbo wazi, baba anakuazima nyingine mpaka yako ipone. Lakini za kuazima zote ziko nje. Baba alisimama akatazama rafu. Kisha akapanda kwenye stuli, akashusha kile kifurushi cha juu kabisa, ovaroli ya kaka imefungwa kwa waya. Akafungua waya.

"Baba, hiyo hapana," nikasema.

"Chuma ni chuma," akasema. "Kisipofanya kazi kinaoza."

Akampa Mageti grenda ya kaka, ile ile aliyokuwa ameishika alipoanguka. Mageti aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mzee," hakutania.

Sijui baba ana moyo wa nini. Jiwe.

Ijumaa, 14 Machi

Drili, drili, randa moja. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi mama alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye ungo, mimi nafua. Ng'ambo, Mageti akaanza kukata. Mvua ilikuwa nyepesi, sauti ilivuka barabara vizuri. Mama aliacha kuchambua.

Grenda yoyote ukiizima huwa inashuka: inavuma, inanung'unika, inanyamaza. Hii inashuka, kisha karibu na mwisho kabisa, pale ambapo ingenyamaza, inapanda kidogo. Kama mtu anayemalizia swali. Niliwahi kumwambia baba jambo hilo kaka akiwa hai. Baba alisema mota haipandi ikishazimwa, haiwezekani, umeme umekwisha, itapandaje. Nami nimesoma, najua kwamba haiwezekani.

Ng'ambo Mageti akazima. Ikashuka. Ikauliza.

"Kipo mezani," mama akasema.

Akainuka, akafunua sufuria ya kiporo cha jana, akala amesimama, kijiko baada ya kijiko, akitazama dirishani. Aliimaliza. Mimi nilibaki na shati mkononi, maji yananichuruzika hadi kwenye viwiko.

Kila jioni kaka akizima mashine alikuwa anapaza sauti kutoka karakanani: "Mama, kuna chakula?"

Jumanne, 18 Machi

Alikula asubuhi na mchana. Mageti ana oda kubwa.

Ijumaa, 21 Machi

Mageti amerudisha mashine. Yake haijawa tayari, lakini amerudisha.

"Mzee, hii mashine yako haina adabu," akamwambia baba. "Ukiizima inakuhoji. Vijana wangu wameigomea. Mmoja ameniambia kwamba jana aliijibu."

"Aliijibu nini?" nikauliza.

"Sikumuuliza, dada. Mambo mengine ukiyauliza yanakaa kwako."

Alicheka, lakini aliiweka mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto asiamke. Kisha akasema kwamba mkewe anaweza kumwazimia grenda kwa ndugu yake, na akaenda zake kwenye mvua.

Baba aliinua ile ovaroli aifunge tena. Mama alikuwa mlangoni. Sijamwona karakanani tangu msiba. Alikuwa na stuli ya jikoni na sahani ya chakula.

"Iwashe," akamwambia baba.

Baba alimtazama, akatazama sahani. Akaibana mashine kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, akatoa diski ya kukatia ili isiumize mtu, akaiwasha.

Jumatatu, 24 Machi

Imekuwa ratiba. Jioni, kabla giza halijaingia, mama anakuja na stuli yake. Baba anawasha, anahesabu moyoni, anazima. Mama anajibu, anakula. Kisha: "Tena."

Leo alinitazama akasema nimekonda. Mimi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka kidogo, ncha tu ya mdomo. Shangazi alikuwepo, akasema, "Mnawasha mashine ya marehemu kama redio. Mwisho wake mtakuja kuniita nije kufukuza kitu."

"Wifi," mama akasema, "wewe redio yako mbona hatuifukuzi, na inaongea siku nzima."

Shangazi alinyamaza. Sijawahi kuona.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeisikiliza kwa bisibisi. Beringi ya mbele imekwisha. Haisagi meno tena, inatafuna. Kifuniko kinaunguza kidole baada ya muda mfupi, na kwenye grisi niliyofuta kuna chembe za chuma zinazometameta. Itafika siku gololi zitavunjika, mhimili utakwama ghafla kwa kasi ile, na jiliwa haitaweza kuishika mashine. Mama anakaa karibu nayo kuliko sisi wote.

Nilimwambia baba. Alinigeuzia sikio zima nirudie, ingawa alikuwa amesikia.

"Ndiyo hiyo inayolia," nikasema. "Swali linatoka hapo. Ukiibadilisha, haitauliza."

"Najua," akasema.

Jumatano, 2 Aprili

Umeme ulikatika jioni mashine ikiwa inazunguka. Mvua ilikuwa kubwa, karakana ikawa na giza la kijivu, na hakuna aliyegusa swichi. Ilishuka peke yake. Muda mrefu kuliko kawaida. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tusingeweza kusikia mtu akiongea, lakini tuliisikia mpaka mwisho, na ikapanda.

Mama hakujibu. Alikuwa anatafuna.

"Nakuja, kaka," nikasema.

Niliyasikia maneno yakiwa tayari yameshatoka. Baba alikuwa ananitazama, na mama pia, akiwa na uso wa mtu ambaye hatimaye amepata shahidi.

Sikuwa nimeitwa. Nadhani sikuwa nimeitwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Siandiki vizuri. Najilaza nasikiliza friji ya jirani ikizima.

Jumatano, 9 Aprili

Nilikwenda mjini kununua kaboni, vile vijiwe vya kupitisha umeme kwenye mota, za mashine za wateja. Niliporudi, baba alikuwa amekaa na grenda ya kaka mbele yake, nzima, safi, imefungwa skrubu zote. Alikuwa ameifuta hata lebo.

"Umefanya nini?"

Kwenye jiliwa kulikuwa na pete ya beringi iliyopondwa kwa nyundo. Hawezi kumwachia mtu beringi mbovu aje kuiokota aitumie. Anazivunja zote, ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha. Gololi zilikuwa zimetawanyika chini, na maji ya mvua yanayopita mlangoni yalikuwa yamezibeba kwenda mtaroni. Nilipiga magoti kwenye yale maji nikizitafuta. Nilipata moja.

"Uliniambia unajua," nikasema. "Ulisema, 'Najua.'"

"Nilikuwa nasafisha tu. Nikaifungua nisafishe." Alitazama mikono yake kama vifaa vya mteja ambavyo hakumbuki vililetwa lini. "Mkono ulitangulia."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliyapokea yote. Kisha akasema, akiwa ameelekeza uso kwenye meza:

"Aliniambia inalia. Kaka yako. Jumatatu ile alisimama hapo mlangoni akasema, baba, mashine inalia. Nilikuwa na kazi za watu. Nikamwambia, ilete Jumamosi."

Sote tunaujua mzaha wa shangazi, kwamba Jumamosi ya fundi haina tarehe. Kaka alianguka Alhamisi. Waliokuwa naye walisema tu kwamba mashine iliruka mkononi mwake.

Mwaka mzima nimemwona baba akifanya kazi bila kutoa machozi, nikamwita jiwe humu ndani ya daftari. Leo nimeona kwamba amekuwa akiishi na beringi ile kila siku, na alipoipata mkononi hakuweza kuiacha ikiwa mbovu hata dakika moja zaidi.

Jioni mama alikuja na stuli na sahani. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia. Baba akawasha. Ilivuma vizuri mno, laini, kama mashine ya dukani. Akazima. Ikashuka, ikashuka, ikanyamaza.

Mama alisubiri. Alisubiri huku kijiko kikiwa hewani. Kisha alikirudisha kwenye sahani, akasimama, akabeba stuli yake, akaenda ndani.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakula.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakula.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilipoamka, kitanda cha mama kilikuwa kitupu na kanga yake ya mvua haipo. Baba alikwenda upande wa soko, mimi upande wa majengo mapya, shangazi akabaki nyumbani, mama asije akarudi akakuta hakuna mtu. Mageti alifunga karakana yake bila kuambiwa akanifuata.

Tulimkuta kwenye jengo la ghorofa ambalo halijapigwa plasta, amekaa juu ya mfuko wa saruji uliogandamana kwa mvua, bila viatu. Watu wa vigae walikuwa wanakata ghorofani. Kila wakizima, anainua kidevu.

"Yuko hapa tangu asubuhi," mlinzi akasema. "Tumempa chai hataki. Anasema anamsubiri wa juu ateremke."

"Mama," nikasema, "twende."

"Wa hapa si yeye," akasema kwa utulivu kabisa. "Nilipita na kule kwenye daraja. Si yeye. Kuna pengine wanakata leo?"

Mageti ndiye aliyembeba. Mgongoni, kama gunia, katika mvua, na njia nzima alimsimulia jinsi alivyowahi kutengeneza geti likazidi upana wa ukuta. Mama hakuwa na uzito wa kumchosha. Hilo ndilo lililomfanya Mageti alie tulipofika, si mwendo.

Shangazi alimvua nguo zilizolowa. Akaniita pembeni. "Jumatatu ya wiki ijayo tunampeleka wodini. Hata ukasirike."

"Sikasiriki."

"Najua. Ndiyo maana naogopa."

Jumanne, 15 Aprili

Shangazi amekubali kusubiri hadi wiki iishe. Nimechukua beringi mpya ya kipimo kile kile, nimeiosha kwa petroli mpaka grisi yote ikatoka, nimeijaza mchanga wa mfereji, nimeizungusha kwa mkono. Nikaiweka kwenye mashine. Inasaga meno tu, haiulizi. Nikaitoa. Nikachukua nyingine.

Ni kazi ya ajabu, kuharibu kitu kwa uangalifu. Nimekuwa nikikumbuka sauti ile kwa saa nyingi kiasi kwamba sina hakika tena kama naikumbuka au naitunga.

Alhamisi, 17 Aprili

Beringi ya nne. Baba alikuwa anafanya kazi ya mteja mgongo wake ukiwa kwangu. Sikujua kama alikuwa anajua ninachokifanya. Niliibana beringi kwenye jiliwa, nikainua nyundo.

"Si katikati," akasema bila kugeuka. "Ukigonga katikati unaipasua. Gonga ukingo wa ndani. Kidogo. Kisha igeuze, ugonge mkabala."

Nilingoja. Aligeuka. Akaja, akanishika mkono akanionyesha uzito wa pigo. Maisha yake yote hajawahi kuweka ubovu kwenye mashine, na alitupa jicho mlangoni kama mtu anayeiba.

Tuliifunga pamoja. Nikaweka bisibisi nyuma ya sikio, yeye akaweka yake kwenye sikio zima. Akawasha. Akazima.

Ilishuka. Na karibu na mwisho kabisa ikapanda.

Tulitazamana. Ilikuwa inauliza, hapana shaka. Lakini polepole zaidi, kwa sauti iliyo chini kidogo, na kulikuwa na kitu kama kusita kabla ya kupanda.

"Ndiye?" baba akauliza. Sijawahi kumsikia akiniuliza kitu kama mtoto.

"Sijui," nikasema.

Mama alikuwa hana nguvu ya kuja. Tulibeba meza ndogo, jiliwa na mashine mpaka kwenye mlango wa chumba chake, tukavuta waya kupitia dirishani. Shangazi alishika bakuli la uji, midomo inatembea kimya kimya. Baba akawasha. Mtaa mzima lazima ulisikia; jioni ilikuwa kavu, mvua imepumzika, na mlango ulikuwa wazi. Akazima.

Mama alifumbua macho. Alisikiliza mpaka mwisho, na baada ya mwisho.

"Huyo nani?" akauliza.

Baba aliondoa mkono kwenye swichi.

"Huyo si wangu." Aliinuka kwa viwiko akatazama mashine, si kwa chuki, kwa namna unavyomtazama mtoto wa watu aliyekosea nyumba. "Huyo ana wake. Msimwite tena kama hamjui ni wa nani."

Kisha akanyoosha mkono kwa shangazi. "Huo uji umepoa?"

Alikunywa nusu bakuli, bila sauti yoyote.

Ijumaa, 18 Aprili

Alikula wali. Kidogo. Baba ameiweka grenda mezani, hakuifunga kwenye ovaroli, hakuifungua. Hakuna anayeigusa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua zinakonda. Mama amekaa nje kidogo. Anaongea na Mageti kuvuka barabara. Wodi haijatajwa tena.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo mchana mwanamke alisimama mlangoni mwa karakana. Simjui. Wa umri wa mama, mwavuli umefungwa, viatu vina tope jekundu ambalo halipo mtaa huu. Hakuwa na drili wala msumeno mkononi. Nilidhani amepotea.

"Samahanini," akasema. "Wiki ya juzi, siku ya Alhamisi jioni, nilikuwa napita barabara kubwa kwenye gari. Kuna mtu alikuwa anakata huku, nikamsikia akizima mashine. Nimezunguka kutafuta." Alimtazama baba, akanitazama mimi, akatazama nyuma yetu kwenye giza la rafu. "Huyo aliyekuwa anakata, bado yupo?"

Baba aliweka bisibisi mezani.

Mama alikuwa ametoka jikoni akijifuta mikono. Sijui alisimama pale tangu lini. Aliviangalia viatu vya yule mwanamke.

"Karibu, dada," akamwambia. "Usivue viatu, humu chini kuna vyuma."

Alimletea stuli yake mwenyewe. Akamkalisha mahali pale pale alipokuwa anakaa, karibu na jiliwa. Hakumuuliza jina, wala mwanawe alikwenda wapi, wala lini. Alinigeukia.

"Kitinda mimba, mwashie mwenzangu."

Nilimtazama baba. Aliniashiria kwa kichwa niwashe. Niliibana mashine, nikahakikisha haina diski, nikawasha. Yule mwanamke alikaa ameinamisha kichwa, mwavuli juu ya magoti. Nilipozima, ilishuka taratibu, ikasita kama siku ile, kisha ikapanda.

"Mlango uko wazi, mwanangu," yule mwanamke akasema. "Haukufungwa. Ulidhani tu umefungwa. Sukuma."

Ng'ambo Mageti alikuwa amesimama, kofia mkononi.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, pale pale kwenye swichi.

"Tena," akasema. "Mpe muda wa kusukuma."